TREKTA NI TREKTA, LAKINI JICHO LAKE SI TREKTA?



Tangu wiki iliyopita maneno yamezagaa kilabuni na kisimani, eti katibu wa ushirika wetu amekula hela za trekta. Sababu ni ile ankara iliyotoka dukani Dar es Salaam, ya kidude cha kupima presha ya oili. Chini yake upo mstari wa kodi: VAT asilimia 18. Watu wameuona mstari huo wakapiga kelele: zana za kilimo zimesamehewa kodi, redioni tunasikia kila mwaka, hii imetoka wapi kama si mfukoni mwa mtu? Mie nasema hapana. Ankara nimeisoma namba kwa namba. Wanaotafuta mwizi ofisini kwetu wanapoteza muda. Ugomvi tunao, lakini uko kwingine.

Kwanza tukijue kidude chenyewe. Mafundi wanakiita sensa. Si ile sensa ya 2022 ya kuhesabu watu. Ni kitu kidogo kama kizibo cha chupa, kina waya, kinafungwa kwenye injini. Presha ya oili ikishuka, chenyewe kinapeleka habari na taa inawaka mbele ya dereva. Kikifa, dereva mwenye akili hazunguki na trekta hilo, maana injini ikikosa oili itakwama na kuvunjika, na injini bei yake mnaijua. Ndiyo maana trekta letu limelala chini ya mwembe na majani mikoroshoni yamefika kiunoni.

Sasa sikilizeni habari za forodha. Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba yake. Namba hizo zinasimamiwa na Shirika la Forodha la Dunia, makao yake Brussels, Ubelgiji. Zilianza kutumika 1988 na hurekebishwa kila baada ya miaka mitano hivi. Nchi zetu za Afrika Mashariki zinazitumia katika ushuru wa pamoja ulioanza 2005: asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 ikaongezwa ya 35. Trekta namba yake ni 87.01. Jembe la trekta lipo 84.32. Mashine ya mgongoni ya kupulizia salfa ipo 84.24. Trekta la kilimo ushuru wake wa forodha ni sifuri. Mpaka hapo redio haikusema uongo.

Uchawi upo Sura ya 90. Hiyo ni sura ya vyombo vya kupimia. Vipima joto vipo 90.25, vipima presha na vipima kiasi cha maji au mafuta vipo 90.26. Miwani na vyombo vya daktari vimo sura hiyo hiyo. Na kanuni imeandikwa wazi: kitu cha Sura ya 90 hakihesabiwi kipuri cha trekta, hata kama kinaonekana kabisa kimetengenezwa kwa ajili ya trekta. Kwa hiyo sensa ikija imefungwa ndani ya trekta, ni trekta. Sensa ile ile, kiwanda kile kile, ikija peke yake ndani ya boksi, si trekta wala si kipuri chake. Imekuwa chombo cha kupimia, jirani yake miwani!

Na msamaha wa VAT unafuata nini? Sheria ya VAT ya 2014 ina jedwali, zana za kilimo zimetajwa humo kwa majina na namba zake. Kisichokuwemo hakisamehewi, hata kikilala shambani usiku na mchana. Redio inasema "zana za kilimo" kwa mkato. Sheria haisemi kwa mkato.

Anayeona hayo ni maajabu aitazame korosho yake mwenyewe. Yenye ganda ni 0801.31; ukiibangua inakuwa 0801.32. Mkorosho ni ule ule, lakini ushuru wa kusafirisha nje umewekwa kwa ile ghafi. Na mnakumbuka 2018 Bunge lilipobadili mgao wa ushuru ule, asilimia 65 iliyokuwa ikirudi kwenye zao ikaondolewa. Jambo la karatasi Dodoma, siye huku ndio tuliolihisi kwenye mikorosho.

Ubaya wa kanuni hii ni kwamba inamtazama mwenye nacho kwa jicho zuri. Bwana mkubwa ananunua trekta jipya, sensa zake zote zimo ndani, halipii hata moja. Miaka michache likichakaa anaagiza lingine. Siye wa trekta moja kijiji kizima, tunaolitengeneza na kulitengeneza tena, ndio tunaokutana na kodi kila jicho moja likipofuka. Huo kama si mrija ni nini?

Mtu wa forodha atanijibu: Ndugu Katibu, kidude hiki kinaweza kufungwa kwenye gari la anasa pia, nitajuaje? Swali ni la haki. Lakini jibu analo mwenyewe. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina Jedwali la Tano, na humo pembejeo za kilimo husamehewa ushuru zikithibitishwa na mamlaka ya kilimo. Kumbe kutazama matumizi kunawezekana, si namba peke yake! Tatizo, mlango huo unagongwa na wenye mawakala wao bandarini. Mkulima wa Kitangari au Lulindi nani kamwambia upo?

Sisemi kila kitu cha Sura ya 90 kina ushuru mkubwa. Vyombo vingi vya hospitali huingia kwa sifuri. Nasema namba ile inatutoa kwenye orodha ya wakulima, na hatukuulizwa.

Wala msidhani ni habari ya trekta tu. Kipima unyevu cha korosho nacho ni chombo cha Sura ya 90. Mnajua uchungu wa gunia kurudishwa kutoka ghala kuu eti korosho mbichi: usafiri juu yako, kuanika upya juu yako, na mnada wenzio wameshauza. Vipimo hivyo vingekuwa vitatu vinne hapa kijijini, tungepima kabla ya kupakia. Kimoja tulichonacho kinagombewa kama ndoo ya maji ya Agosti.

Wapo wanaonong'ona tuvushe vitu kwa kificho toka ng'ambo ya Ruvuma. Hao nawapinga. Kitu cha magendo hakina risiti, kikifa wiki ya pili utamrudishia nani? Wapo pia wanaosema forodha ni mambo ya wasomi. Mie shule yangu ni kisomo cha watu wazima, na nimeyasoma. Polepole, lakini nimeyasoma.

Sheria inampa mwagizaji siku 30 kumpinga Kamishna wa Forodha kwa maandishi, na inaruhusu kuomba uamuzi wa namba kabla mzigo haujaja. Lakini haki hiyo ni ya aliyeagiza. Siye tuliokwenda kununua dukani hatuna mdomo hapo. Basi vyama vikuu, TANECU kwa Newala na MAMCU kwa Masasi, viagize sensa na vipima unyevu kwa pamoja kwa jina la ushirika, viombe uamuzi TRA mapema, vipeleke na barua ya Wizara ya Kilimo. Na mbunge apewe maneno haya kabla ya bajeti ya Juni, sio akija kuomba kura.

Hoja hii naileta mkutano mkuu, tupige kura ya mikono. Sensa inunuliwe hivyo hivyo na kodi yake, majani hayangojei sheria. Ankara ipo ofisini ndani ya faili la trekta. Anayemwita katibu mwizi aje kwanza aisome, na asiyejua kusoma aje nimsomee.

Katibu wa CCM, Tawi la Kijiji