Kasongo na Kabambare: Mkaguzi wa majengo apimwe mbele ya ukuta, si mbele ya karatasi tu

Mvua zinaporudi mwezi wa tisa, wazazi wengi wa Kasongo na Kabambare hutuma watoto shuleni huku wakitazama mawingu. Upepo unaotangulia mvua umekwisha kubeba mabati ya madarasa mara nyingi katika jimbo la Maniema, na kuta za matofali mabichi, zikishalowa chini, huanguka bila hata kusukumwa. Baadaye watu husema ni kazi ya Mungu. Upepo ni wa Mungu, kweli. Lakini mbao za paa zilizolazwa juu ya ukuta bila kufungwa ni kazi ya fundi, na palipaswa kuwa na mtu wa pili wa kuiona kazi hiyo kabla mabati hayajapanda.

Mtu huyo wa pili ni mkaguzi wa majengo. Nchini Kongo kazi yake iko chini ya idara ya mipango ya miji na makazi, ile ambayo wengi huiita kwa kifupi Urbanisme. Sheria haikosekani. Kuna dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 kuhusu mipango ya miji, iliyoachwa na Wabelgiji. Kuna agizo la waziri la tarehe 26 Juni 2013 linalopanga namna ya kutoa kibali cha kujenga katika nchi nzima. Kilicho haba ni mtu ambaye, kabla ya kukabidhiwa muhuri, amepimwa kama anajua kweli kutofautisha ukuta mzima na ukuta mgonjwa.

Kijana anayesoma ujenzi katika shule ya ufundi hufanya miaka minne ya humanite, kisha hukaa kwenye Mtihani wa Serikali. Kwa wanafunzi wa ufundi kuna pia jury ya mazoezi, ambapo mikono nayo hupimwa. Akifaulu, diploma inasema amesoma kujenga. Kukagua ni kazi nyingine. Fundi anaangalia tofali lililo mkononi mwake. Mkaguzi anatafuta lile lililofichwa. Fundi ataulizwa amefanya nini; mkaguzi ataulizwa kwa nini alikubali. Anayetaka kuendelea mbele ana INBTP huko Kinshasa, na ni familia chache za Maniema ya kusini zinazoweza kulipa safari hiyo, sembuse miaka ya masomo.

Nchi jirani zimejifunza kwa machozi. Kenya ilitunga sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi mwaka 2011, ikaanza kuandikisha wakandarasi na kuwatambua rasmi mafundi na wasimamizi wa kazi. Hata hivyo, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu zaidi ya 40. Tanzania nayo ililia Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Kwa hiyo cheti peke yake hakishiki ukuta. Kinachotakiwa ni cheti kinachopatikana kwa kupimwa jambo lenyewe.

Marekani, mitihani ya wakaguzi ya shirika la International Code Council ina jambo moja la kuigwa: mtahiniwa anaingia na kitabu cha kanuni mkononi. Haulizwi kama amekariri. Anaulizwa kama, akionyeshwa kosa, anaweza kuipata haraka kanuni inayolikataza. Huko ndiko kukagua. Mkaguzi anayesema “bomoa” bila kuonyesha ukurasa hufikiriwa kuwa anatafuta hongo. Anayeonyesha ukurasa husikilizwa hata na mwenye nyumba aliyekasirika.

Lakini kitabu cha nje hakitoshi Kasongo. Sehemu kubwa ya mafunzo ya ujenzi ni beto na vyuma: kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko saba ya kilo 50, beto kumwagiwa maji angalau siku saba, nguvu yake kuhesabiwa siku ya 28. Mkaguzi lazima ayajue hayo. Programu ya maendeleo ya wilaya 145 inahusu shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, na siku ya kupokea kazi lazima awepo mtu wa kuuliza mifuko ilikuwa mingapi. Ila wakaaji wengi wanalala ndani ya udongo: tofali bichi, tofali la kuchoma, au miti na matope. Mtihani usiouliza udongo umewaacha wengi nje.

Na udongo si aibu. Kasongo ya Tippu Tip, kabla vikosi vya Leopold II havijaingia mwezi wa nne 1893, ilikuwa mji mkubwa uliojengwa kwa udongo. Nyumba ya udongo iliyojengwa vizuri inakaa miaka mingi. Inayoua watu ni ile iliyojengwa haraka, ikasifiwa kwa sababu ya rangi.

Mtihani wa kweli kwa wilaya hizi mbili ungekuwa na vituo vitatu nje ya darasa. Kituo cha kwanza ni msingi. Mtahiniwa apelekwe mahali shimo bado liko wazi, aseme kama limefika kwenye udongo mgumu, maji ya mvua yatapita wapi, na kama ukuta utaanzia juu ya mawe au matofali ya kuchoma ili unyevu usipande kwenye tofali bichi.

Kituo cha pili ni ukuta. Apewe matofali mawili ya kuchoma, ayagonganishe na kusikiliza: lililoiva hulia kama chuma, lisiloiva hutoa sauti ya kufa. Aliloweke moja usiku kucha aone kama litamomonyoka. Asugue mchanga mkononi aone kama una udongo ndani yake, maana mchanga mchafu hula nguvu ya simenti. Aangalie pembe kama matofali yameshikana, atumie timazi, kisha aseme kama juu kuna mkanda unaofunga kuta zote nne pamoja. Kabambare haiko mbali sana na Ziwa Tanganyika, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 liliangusha nyumba Kalemie. Ukuta usiofungwa juu hausubiri tetemeko la pili.

Kituo cha tatu ni paa. Apande ngazi, avute ubao kwa mkono. Upepo mkali haukandamizi bati tu. Unalinyonya kwenda juu. Kwa hiyo mbao lazima zifungwe kwa waya ulioingia chini ndani ya ukuta, si kwa msumari mmoja wa juu. Asiyekubali kupanda ngazi siku ya mtihani hatapanda siku ya kazi.

Kuna wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema mkaguzi mpya ni kodi mpya: atapita kwa mjane aliyejenga chumba kimoja, atadai franka, ataondoka bila hata kuangalia ukuta. Woga huo una msingi. Ndiyo maana ukaguzi uanze na majengo ambamo watu wengi hukusanyika: shule, vituo vya afya, makanisa, misikiti, masoko. Bei ya kibali ibandikwe mlangoni pa ofisi, kila mtu aisome. Kwa mwenye nyumba ndogo, mkaguzi awe kwanza mshauri.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Katika ofisi nyingi za Serikali wapo wanaoitwa “nouvelles unités”, wanaofanya kazi miaka bila mshahara. Mkaguzi asiyelipwa atakula kwa yule anayemkagua, hata kama alikuwa wa kwanza kwenye mtihani. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu watumishi wa Serikali inataka waajiriwe kwa mashindano. Basi mashindano hayo yaende pamoja na namba ya mtumishi na mshahara. Kumpima mtu vizuri kisha kumwacha na njaa ni kumfundisha kuuza sahihi yake.

Wakati hayo yanasubiriwa Kindu na Kinshasa, vijana waliomaliza ujenzi hawana sababu ya kukaa chini ya mwembe. Wanaweza kujiandaa kwa kikundi: watafute nakala ya agizo la 2013 na kulisoma pamoja, wawe na daftari la majengo, ambamo kila ufa unachorwa, unapimwa na kuandikwa tarehe, warudi baada ya mwezi waone kama umekua. Waombe ruhusa kwa prefe wa shule wakague madarasa yake bure, wamwachie karatasi moja ya makosa matatu ya kurekebisha kwanza. Wakae na mafundi wazee waliojenga kwa udongo maisha yao yote, kwa sababu wengi wao wanajua lisiloandikwa popote.

Wazazi nao wana mtihani wao. Kamati ya wazazi inapoitwa kusherehekea darasa jipya, isiangalie rangi. Iulize nani aliona msingi kabla haujafukiwa, nani aliona paa kabla halijafunikwa, na majina yao yako wapi. Kama jibu ni kimya, sherehe isubiri.

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane ni kiangazi. Ndio wakati matofali yanachomwa, misingi iko wazi na kuta bado hazijapakwa chochote. Huo ndio wakati wa kumpima mkaguzi. Mwezi wa tisa mvua itawapima wote, na yenyewe haitoi nafasi ya kurudia.