Mchungwa Wenye Njaa Usikatwe

Ewe mwenye mchungwa uani, uwe Kabwe ziwani au juu Ufipa, usishike shoka upesi kwa kuwa mti umekuwa manjano na hauzai. Kwanza tazama majani. Yakitangulia ya zamani kugeuka manjano, yamkini mti una njaa ya naitrojeni. Yakitangulia machanga, na vishipa vyake vikabaki kijani, mara nyingi mti umekosa chuma, au mizizi imezama majini. Maji yachimbiwe mfereji. Njaa yataka samadi iliyooza, itandazwe chini ya matawi, isiguse shina. Mfipa hufukia majani katika tuta ili ulezi upate chakula; mbona mchungwa wake aunyime? Mti uliolishwa leo hauzai kesho. Ungojee misimu miwili, ndipo uuhukumu.