Kasha la Vichekesho na Fedha ya Nyumbani

Mama mmoja wa kikundi chetu kanisani ametuletea swali ambalo tunaona linawahusu wengi. Mumewe hanywi pombe wala havuti sigara. Starehe yake ni moja: kukusanya vichekesho vya zamani vya televisheni vya Marekani na Uingereza, vile vinavyouzwa vipindi vyote pamoja katika kasha zuri lenye picha na kijitabu. Kabati la sebuleni limejaa, na mengine hata hayajafunguliwa. Mwezi uliopita kasha jipya liliingia nyumbani siku chache kabla ya ada ya shule kulipwa. “Je,” anauliza, “nimkataze?”

Ni swali la haki, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Kwanza tutazame kilichomo ndani ya kasha.

Tuchukue kichekesho cha Marekani kiitwacho I Love Lucy, kilichoonyeshwa tangu Oktoba 1951 hadi 1957, vipindi 180. Kinamhusu Lucy na mumewe Ricky, kiongozi wa bendi aliyetoka Kuba. Walioigiza, Lucille Ball na Desi Arnaz, walikuwa mke na mume kweli. Siku zile vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja hewani, vikapotea. Hiki kilipigwa kwa filamu ya sinema, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji. Ndiyo maana leo kinapatikana chote, tena kwa picha safi. Uingereza, BBC ilifuta kanda nyingi ili zitumike tena. Hata Dad’s Army, kilichopendwa sana, kina vipindi vitatu vya mwaka 1969 ambavyo havijapatikana. Kwa hiyo anayekusanya vitu hivi hafanyi upuuzi. Anatunza kitu ambacho kingeweza kutoweka.

Kipo kipindi cha Septemba 1952 ambacho kingewafaa wanandoa wote. Ugomvi unaanzia kwenye fedha: Lucy ameandika hundi wakati benki hakuna kitu. Mume anakasirika, na kila upande unadai kazi ya mwenzake ni nyepesi. Basi wanabadilishana. Lucy na jirani yake Ethel wanakwenda kiwandani kufunga chokoleti, na mashine inapoongeza mwendo wanazibugia mdomoni na kuzificha ndani ya nguo. Huku nyumbani, Ricky na Fred wanapika wali, nao unafura na kumwagika jikoni. Mwishoni wanaume wanakiri kwamba wameshindwa, na kwa shukrani wanawapa wake zao zawadi: chokoleti!

Katika kazi ya uuguzi tumeona mgonjwa akicheka, mabega yakalegea, akaanza kuzungumza yaliyomsumbua. Kicheko hakiponyi malaria wala hakichukui nafasi ya vidonge vya presha, lakini Mithali 17:22 inaufananisha moyo wa furaha na dawa, nasi tunakubali. Ila dawa ina kipimo chake na wakati wake. Tena dawa iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu.

Lipo jambo jingine. Tarehe 19 Januari 1953 mamilioni ya Wamarekani walitazama Lucy akipelekwa hospitali kujifungua mtoto wa kiume. Siku hiyohiyo Lucille Ball mwenyewe alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Nchi nzima ilifurahi nao. Hata hivyo, mwaka 1960 mke na mume hao waliachana. Hatulisemi hili ili kuwahukumu. Tunalisema kwa sababu kasha hutunza kicheko cha nyumba ya watu; nyumba yetu tunapaswa kuitunza wenyewe.

Kwa hiyo, dada mpendwa, usimkataze. Keti naye mzungumze, na mambo matatu yawe mbele yenu.

Kwanza, fedha. Msizungumze siku kasha linapoingia, hasira ikiwa juu. Chagueni siku ya utulivu. Sadaka, ada, chakula na matibabu vitangulie. Kisha mtenge kiasi kidogo cha starehe, yake na yako pia. Mara nyingi kinachomuuma mama si kasha lenyewe, bali kutoshirikishwa. Mwambie hivyo waziwazi.

Pili, uhakika wa kitu kinachonunuliwa. DVD nyingi huwekewa namba ya eneo: Marekani ni 1, Uingereza ni 2, na Afrika Mashariki ni 5. Deki ya eneo moja inaweza kukataa DVD ya eneo jingine, na fedha ikawa imepotea. Ulizeni kwanza kama deki yenu inasoma maeneo yote. Mwenye kanda za VHS aitunze deki yake, maana kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Tatu, kasha likinunuliwa lifunguliwe. Kipindi kimoja cha I Love Lucy hakifiki nusu saa. Baada ya chakula cha jioni kaeni wote, mama naye aketi, vyombo vitangoja. Baba awatafsirie watoto wasioelewa Kiingereza. Baadhi ya vichekesho vya zamani vina mizaha ya kudharau watu kwa rangi au asili yao. Msiipite kimya, waelezeni watoto kwa nini si vema.

Na kabla kasha jingine halijanunuliwa, mwulize mumeo kwa upole: “Baba, lile la mwezi uliopita tutalitazama lini?”