Asali iliyo mzingani hainunui godoro

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Kiomboi. Binti yetu wa kwanza anasubiri kwenda kidato cha tano mwezi wa saba, shule ya bweni. Baba watoto ana mizinga 20 porini. Amepiga hesabu ya nusu ndoo kila mzinga, anasema tutapata ndoo 10, na kwa hesabu hiyo anataka tukope fedha za godoro, sare na nauli. Nikimuuliza ana uhakika gani, anasema simwamini. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Hili si suala la kuaminiana, ni suala la hesabu. Nyumba nyingi za Iramba na Singida nzima huingia kwenye ugomvi wa namna hii kila msimu wa kurina unapokaribia. Mume anahesabu mizinga, mke anahesabu madeni, na mtoto yuko katikati akisubiri godoro. Kwa hiyo leo tukae chini, wazazi wote wawili, tupige hesabu pamoja.

Kwanza tuelewe asali inatoka wapi. Nyuki hakusanyi asali, anakusanya mbochi, yale maji matamu yaliyo ndani ya ua. Asali iliyokomaa ina sukari kama asilimia 80. Mbochi wenye sukari asilimia 20 unatakiwa kilo nne ili upate kilo moja ya asali. Ukiwa na asilimia 40, kilo mbili zinatosha. Maji yanayobaki nyuki huyakausha kwa kupepea mbawa usiku na mchana. Ndiyo maana mzinga uleule, mahali palepale, mwaka huu unajaa na mwaka kesho unakuwa mwepesi. Maua yakiwa machache, au mvua ikiyapiga wakati yamechanua, nyuki hawana cha kukausha.

Wenzetu wa kaskazini ya Marekani na Kanada wana kazi inayofanana na hii. Wanatoboa miti ya mepo mwishoni mwa majira ya baridi, wanakinga utomvu, kisha wanauchemsha mpaka uwe shira ya kumwagia chapati zao. Wana kanuni yao rahisi: gawanya 86 kwa asilimia ya sukari iliyo kwenye utomvu, utapata lita ngapi za utomvu zinahitajika kwa lita moja ya shira. Utomvu wenye sukari asilimia 2 unahitaji lita 43. Mepo mwekundu mara nyingi una sukari pungufu. Ikiwa ni asilimia 1.5, zinahitajika lita 57 hivi. Idadi ya miti ni ileile, idadi ya ndoo za utomvu ni ileile, lakini shira ni pungufu. Mwenye busara hapimi utajiri kwa idadi ya miti, anapima kwanza kilichomo ndani.

Sasa turudi porini kwenu. Baba watoto ameanza na mizinga 20. Hiyo ni idadi ya mbao na magogo, si idadi ya nyuki. Swali la kwanza ni hili: mizinga mingapi ina nyuki leo? Nyuki wetu wa Afrika huhama wakikosa maua au maji, wakisumbuliwa na siafu au nyegere, au wakirinwa bila kuachiwa chakula. Mzinga mtupu hauna asali hata ukiwa mpya na umepakwa nta vizuri.

Swali la pili: kati ya hiyo yenye nyuki, mingapi ina masega yaliyofunikwa? Nyuki akiona asali imekauka vya kutosha, huifunika kwa utando wa nta. Sega lililo wazi bado lina maji mengi. Na kundi lililoingia mzingani juzi halina ziada yoyote. Linajenga nyumba kwanza.

Swali la tatu: mzinga mmoja unatoa kilo ngapi? Hapa msikisie. Siku ya kurina, pimeni kwa mizani masega ya mizinga mitatu ya kwanza, mmoja mzito, mmoja wa kati na mmoja mwepesi. Jumlisheni, gawanyeni kwa tatu. Hiyo ndiyo namba yenu, si namba ya jirani wala ya semina. Mzinga wa gogo na mzinga wa kisasa msivichanganye, kila aina ipigiwe hesabu yake.

Swali la nne, ambalo wengi hulisahau: masega si asali. Kuna nta, kuna chavua, na kuna ile inayobaki kwenye kitambaa cha kuchujia. Ondoeni kilo mbili katika kila kilo kumi ili muwe salama. Nta msiitupe, nayo ina wanunuzi wake.

Tuweke mfano. Tuseme kati ya mizinga 20, yenye nyuki ni 12. Kati ya hiyo, miwili imeingiwa na nyuki hivi karibuni, kwa hiyo ya kurina ni 10. Kila mmoja unatoa kilo 8 za masega, jumla kilo 80. Ondoa kilo 16 za nta na mabaki, zinabaki 64. Weka kilo 4 za nyumbani, zinabaki 60 za kuuza. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inabeba kilo 28. Kilo 60 ni ndoo mbili na chenji kidogo.

Ndoo mbili, mwanangu, si ndoo 10. Huu ni mfano tu, na mizinga yenu inaweza kutoa zaidi. Lakini mnaona jinsi pengo linavyoweza kuwa kubwa bila mtu yeyote kusema uongo. Baba watoto hakudanganya. Amezidisha namba mbili ambazo hakuzipima.

Hatari ya hesabu kubwa si deni peke yake. Mtu aliyekwisha kuahidi ndoo 10 akifika porini akakuta mbili, hujaribiwa kuzitafuta zile nane. Atakata masega ambayo hayajafunikwa, atakamua mpaka yenye majana, na hatawaachia nyuki kitu. Asali yenye maji mengi huchacha ndani ya ndoo na kutoa povu. Viwango vya kimataifa vinataka maji yasizidi asilimia 20, na mnunuzi anayeijua kazi yake ataikataa. Nyuki nao, wakikuta ghala limefagiliwa, wataondoka. Kwa hiyo hesabu mbaya ya mwaka huu inakula na asali ya mwaka kesho, na mdogo wake binti naye atakosa godoro.

Ushauri wangu ni huu. Wiki hii mtume baba watoto akazungukie mizinga yote, na binti aende naye akiwa na daftari, akae umbali salama aandike. Anakwenda kidato cha tano, hesabu hizi ni zake. Aandike mizinga yenye nyuki, isiyo na nyuki na iliyo mizito. Kuhusu bei, waulizeni wanunuzi watatu, wa mnadani Kiomboi na wa njia panda ya Misigiri, kisha tumieni bei ya chini kabisa.

Mkishapata namba, ahidini nusu yake tu. Ikitoka ndoo mbili, pangeni matumizi ya ndoo moja: godoro, shuka, na nauli ya kwenda. Vinavyobaki vitafutiwe njia nyingine, kama gunia la alizeti lililo ndani au mbuzi mmoja, kabla ya kufikiria mkopo. Ikiwa ni lazima kukopa, deni lisizidi thamani ya hiyo nusu. Asali ikizidi mtashukuru, na ikipungua hamtajificha kwa mdai.

Mwambieni binti ukweli pia. Mtoto wa umri huo anaelewa akiambiwa, "Mwanetu, tuna uhakika na hivi, hivi vingine tunavitafuta." Kinachomuumiza ni kuahidiwa kila kitu mwezi wa tano kisha kuona wazazi wananuniana mwezi wa saba.

Na zile kilo nne za nyumbani: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja msimpe asali, hata kidogo kwenye uji. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda, na kuchuja hakuviondoi. Wakubwa wale, mchanga asubiri.

Nawatakia kurina kwema. Wiki ijayo nitajibu maswali ya wazazi wenye watoto wanaoanza kulala bweni kwa mara ya kwanza.