Trump Ataka Kuzima Mashine za Hewa: Mbona Hii Stori Inafika Hadi Dagoretti

Hii stori ilipita kimyakimya, lakini cheki. Mwaka wa 2025 serikali ya Donald Trump ilipendekeza kufyeka pesa za utafiti wa hewa Marekani, pamoja na za kituo cha Mauna Loa, Hawaii.

Kituo hicho kimepima kaboni dioksaidi tangu 1958. Wakati huo ilikuwa kama sehemu 315 kwa kila milioni ya hewa. Mei 2025 ilipita 430. Kipimo cha siku moja hakikuambii kitu. Ni hiyo miaka yote ikipangwa pamoja ndiyo inaonyesha gesi inapanda tu.

Na si mara ya kwanza. Mwaka wa 1964 ganji ilikatwa, vipimo vikasimama miezi kadhaa. Doh ilirudi, lakini hewa ya miezi hiyo ilishaenda. Huwezi kuipima leo.

Sasa njoo nyumbani. Kila wiki pale Dagoretti Corner, watu wetu wa hali ya hewa hurusha baluni ya kupima ozoni. Data huingia kwenye mtandao wa SHADOZ unaosimamiwa na NASA, na NASA nayo ilikuwa kwenye hilo panga. Mlima Kenya pia kuna kituo, mita 3,678 juu, tangu 1999. Uswisi imesaidia sana kote kuwili.

Bunge la Marekani ndilo lenye usemi kwa bajeti yao. Yetu je? Wafadhili wakichomoka, pengo litakuwa letu, na hilo halinunuliki.