Waliouzwa nao waandikiwe historia

Wasafiri wa mabasi ya Moshi na Arusha wanaijua Korogwe kwa chakula cha njiani na mashamba ya mkonge. Handeni wanaijua kwa jina tu, na jina lenyewe vichekesho vya mitaani vimekwishalifunga na uganga na uchawi. Huo ni umaskini mkubwa wa kumbukumbu, kwa sababu ardhi ya wilaya hizi mbili imebeba kisa cha njaa, utumwa, ukimbizi na kurejea ambacho kingestahili sura nzima katika vitabu vya Historia ya Tanzania na Maadili, somo lililoingia madarasani na mtaala mpya mwaka 2024. Nadai kwamba sura hiyo iandikwe, na katika kuiandika tukubali ushahidi ambao wasomi wengi wamezoea kuupuuza: lugha ya nyumbani, nyimbo na masimulizi ya wazee.

Kisa chenyewe kinaanza na ukame. Kwenye miaka ya 1830 Uzigua, yaani Handeni na maeneo jirani, iliingiwa na njaa, na familia zilizokosa chakula zikashuka pwani. Wajukuu zao wanasimulia kwamba waliahidiwa kazi na chakula, wakapandishwa majahazi, wakaja kushushwa Barawa na Merka, katika Somalia ya leo, na kuuzwa kwa wenye mashamba ya bonde la mto Shebelle. Baadaye kundi kubwa lilitoroka, likiongozwa, kwa mujibu wa masimulizi hayo hayo, na mwanamke aitwaye Wanakhucha. Nia ilikuwa kurudi Uzigua kwa miguu. Hawakufika. Waliweka makazi katika misitu ya mto Juba, eneo lililokuja kuitwa Gosha, wakalima na kuwapokea watoro wengine, wakiwamo Wayao na Wamakua. Waitaliano walipotawala waliupiga marufuku utumwa, kisha katika miaka ya 1930 wakawalazimisha watu hao hao kufanya kazi za shuruti katika mashamba ya ndizi. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka mwaka 1991, makundi yenye silaha yaliwapora na kuwaua, nao hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwakinga. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya. Kuanzia 2003 watu kama 12,000 wa jamii hizi za Kibantu kutoka Somalia walihamishiwa Marekani. Wengine walikuja kusini mpaka Handeni, wakakaa Mkuyu, kisha wakapewa makazi ya Chogo, yaliyokuwa na watu wapatao 3,000, na Tanzania ikawafungulia mlango wa uraia. Kwangu huo ni uamuzi mmojawapo wa heshima kubwa kabisa ambao nchi hii imewahi kuufanya, na inasikitisha kuwa watoto wetu hawausikii.

Kitu gani kinathibitisha kwamba waliofika Chogo ni uzao wa waliouzwa? Walikuja wakisema Kizigua. Zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita, wakiwa wamezungukwa na Kisomali, wakitawaliwa kwa Kiitaliano na Kiarabu, na bado wenyeji wa Handeni wakaelewana nao. Kizigua hicho hicho kimewafuata baadhi yao hadi Boise, Idaho, ambako wanaisimu wameichambua sarufi yake. Si Wabantu wote wa Somalia wanaokisema. Walio sehemu za juu zaidi za mto Juba wengi wao wanasema Kimaay. Lakini hakuna mkimbizi anayeweza kubuni lugha nzima, na viambishi na methali zake, kwa ajili ya kuomba ardhi.

Wapo watakaosema masimulizi hubadilika kila yanapopokezanwa. Ni kweli, na safari ya Wanakhucha bila shaka imepambwa na vizazi vya wasimulizi. Lakini kazi ya mwanahistoria ni kupima, na hapa vipo vya kupimia: njaa inayojulikana, biashara ya watumwa iliyokwenda pwani ya Benadir, zilipo Barawa na Merka, na lugha iliyosalia. Zaidi ya hayo, masimulizi tumekwisha kuyakubali pale tulipopenda. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichopigwa chapa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kimesimama juu ya masimulizi kuhusu Mbega, mwindaji kutoka Nguu, na uzao wake waliotawala Vugha. Wataalamu wanakiheshimu, na wana haki. Kama kumbukumbu za ikulu ya Vugha zinafaa kuwa historia, kwa hoja gani kumbukumbu za waliopakiwa majahazini zibaki kuwa hadithi za bibi?

Pingamizi zito zaidi ni la ukabila: ukifundisha habari za Wazigua, kesho Wasambaa na Wabondei watadai zao, na umoja wa taifa utachanika. Hofu hii naiheshimu, ila kisa hiki hakimpambi mtu. Kimweri ya Nyumbai, mtawala wa Vugha, alipofariki mwaka 1862, vita vya warithi wake vilijaza njia za bonde la Pangani mateka waliopelekwa kuuzwa, na Semboja, mwanawe aliyejikita Mazinde, katika Korogwe ya leo, alikuwa katikati ya biashara hiyo. Jirani alimuuza jirani. Mwanafunzi wa Mombo atakayesoma hayo hatapata cha kujitapia. Atapata sababu ya kuuliza jinsi njaa na tamaa ya bunduki zilivyowageuza viongozi kuwa wachuuzi wa watu wao. Gosha nayo ilijengwa na watu wa makabila mengi, waliounganishwa na kukataa minyororo.

Tena kuhama hakujawa jambo la kale. Tangu Juni 2022 Handeni inapokea wafugaji wa Kimaasai kutoka Ngorongoro, wanaohamishiwa Msomera. Serikali inasema wanahama kwa hiari, wanaoupinga mpango wanakana, na waliokuwapo Msomera kabla yao wana malalamiko yao ya ardhi. Idadi ya nyumba na ekari itahifadhiwa katika majalada. Maneno ya waliohama na ya waliowapokea hayatahifadhiwa na yeyote kama shule hazitayarekodi sasa. Na Chogo muda unakwisha: aliyekuwa mtu mzima mwaka 1991 leo amepita miaka 50, na ndiye aliyesikia habari za Shebelle kutoka kwa babu zake. Taasisi ya Elimu Tanzania na halmashauri za Handeni na Korogwe zinaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri mradi wa wafadhili. Simu ya mwalimu inatosha kunasa sauti. Anachohitaji ni waraka unaomruhusu kutumia vipindi vya Historia ya Tanzania na Maadili kuwatoa wanafunzi darasani wakawahoji wazee, na mahali wilayani pa kuhifadhi watakachorudi nacho.