Tuanze na Udongo Kabla ya Setilaiti

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya darasa la saba katika shule moja jirani na Mwadui. Mwanachuo aliandika ubaoni: "Setilaiti hupima unyevu wa udongo." Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, inajuaje kama ni shamba letu au ni bwawa la mgodi?" Mwanachuo akajibu kwamba mitambo hiyo haikosei, kisha akaendelea na somo. Twaona kwamba swali lile lilikuwa bora kuliko sentensi ya ubaoni, na kwamba somo zima lilipaswa kujengwa juu yake.

Setilaiti haipimi unyevu moja kwa moja. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi, na ardhi nayo hutoa mawimbi ya mikrowevu yaliyo hafifu sana. SMOS, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya tarehe 2 Novemba 2009, na SMAP ya Marekani, iliyorushwa tarehe 31 Januari 2015, zilitengenezwa ili ziyapokee mawimbi yenye urefu wa sentimita 21 hivi, karibu shubiri moja. Kinachopokewa ni nguvu ya mawimbi hayo, nayo huandikwa kama kipimo cha joto. Unyevu hupatikana baadaye, kwa kielelezo cha hesabu.

Mwanzo wa hesabu hiyo hauwashindi watoto wa darasa la saba. Tuchukue ardhi tupu yenye joto la kelvini 300, yaani nyuzi 27 za sentigredi. Udongo mkavu waweza kutoa sehemu 0.95 ya mawimbi yanayolingana na joto lake: 300 × 0.95 = 285. Udongo ukilowa sana, uso wake hurudisha ndani sehemu kubwa zaidi ya mawimbi, na sehemu inayotoka yaweza kushuka hadi 0.65: 300 × 0.65 = 195. Hivyo ardhi iliyolowa huonekana kana kwamba ni baridi.

Ugumu huanza tunapootesha mtama juu yake. Majani humeza sehemu ya mawimbi ya udongo, nayo hutoa mawimbi yao. Namba iliyokuwa 195 yaweza kupanda hadi 250, na hiyo 250 yaweza pia kutoka katika shamba tupu lenye unyevu wa wastani. Namba ni moja, mashamba ni mawili. Hatuwezi kuyatenganisha bila kujua wingi wa mimea, aina ya udongo, joto lake, na hali ya uso wake, kama ni laini au una matuta. Tena, kipokeo cha SMAP huona eneo la upana wa kilometa 40 hivi kama doa moja. Luseni ya kichanga, mbuga nyeusi, ngitili, marundo ya mawe ya mgodi na mabwawa yake, vyote vyaweza kuingia humo. Maji ya bwawa huishusha namba na kuifanya nchi ionekane imelowa kuliko ilivyo. Mtoto yule aliuliza jambo ambalo wataalamu wenyewe hulihangaikia.

Kwa hiyo twapendekeza utaratibu mwingine. Kwanza, watoto walete udongo wa luseni na wa mbuga, uliochimbwa siku moja, usiozidi kina cha sentimita 5, kwa kuwa ndicho kina ambacho mawimbi haya hutueleza zaidi. Pili, waupime kwa mizani, waukaushe motoni mpaka uzito usipungue tena, waupime upya. Gramu 500 zikibaki 400, maji yalikuwa 100, yaani asilimia 25 ya udongo mkavu. Tatu, waulizwe kwa nini mmea waweza kunyauka katika mbuga yenye asilimia ile ile inayoutosha katika luseni. Hapo watagundua kwamba mfinyanzi huyashika maji yasiifikie mizizi. Baada ya hayo ndipo setilaiti iingie darasani, pamoja na hesabu yake na mashaka yake.

Wako watakaosema kwamba tunawatia watoto wasiwasi juu ya sayansi. Sisi hatuoni hivyo. Vipimo hivi vina manufaa makubwa katika kufuatilia ukame wa nchi nzima. Lakini mtoto huyu kesho atakuwa mkulima mwenye debe moja la mbegu. Akiambiwa kwamba wilaya yake ina unyevu wa kutosha, hana budi kujua kuwa habari hiyo ni ya eneo kubwa na ya tabaka la juu tu, kisha achimbe shambani mwake, aushike udongo, ndipo apande. Mwalimu aliyemfundisha kwamba mitambo haikosei atakuwa amemnyima jembe hilo la mwisho la kujikinga.